Kiganja Kwenye Nguzo ya Nyundo

Kila mtu aliyekulia Pickering Bluff amewahi kuambiwa na Vernell Hatchett atoe mikono mfukoni. Alifundisha darasa la tatu hadi nywele zikawa nyeupe, na katika mji huu hakuna diwani, mchungaji wala polisi ambaye hakupitia kwake. Ukikutana naye dukani, una miaka hamsini na kitambi chako mbele, bado unasimama wima. Mimi ni jirani yake. Kati yetu pana uzio wa waya na mti wa njugu za pekani ambao ni wake, lakini humwaga takataka zake zote upande wangu. Basi nasema kama jirani: sijawahi kuona mwanamke mbishi kama yule, na namshukuru Mungu kwa ubishi wake.

Lakini katika jimbo letu ukisema Hatchett, watu hawamfikirii yeye. Wanamfikiria mumewe, Cleophus, Nyundo mwenyewe, shati namba thelathini na tatu, aliyebeba mpira wa Chuo cha Canaan Hill, hapa hapa mjini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi.

Nilikuwepo. Nilikuwa napuliza tromboni kwenye bendi ya chuo, nikiwa mwembamba enzi hizo, msicheke, na nilimwona Nyundo kwa macho yangu akiinamisha kichwa, akazama katikati ya lundo la wanaume, kisha akatokea upande wa pili mpira ukiwa kwapani na helmeti imekaa upande. Siku tuliyowashinda wale wababe wa ng'ambo ya mto, aliufikisha mpira mstari wa mwisho huku watu wawili wakining'inia mgongoni mwake. Bibi yangu, ambaye hakuujua mpira wala hakuutaka, alipanda juu ya benchi akapiga yowe mpaka meno ya bandia yakamtoka. Tulikuwa chuo kidogo cha watu weusi katikati ya mashamba ya pamba, na dunia ilikuwa inatupita bila kugeuza shingo. Nyundo alitufanya tutembee kifua mbele. Hilo simruhusu mtu yeyote alidharau.

Sasa ile nguzo. Pale wachezaji wanapotokea chini ya jukwaa kuingia uwanjani, pana nguzo ya chuma inayoshikilia dari. Kabla ya kila mechi Nyundo aliigonga kwa helmeti yake, ngo, ngo, ngo, na jukwaa zima likalipuka kwa shangwe. Alipohitimu, waliomfuata wakaigonga. Waliowafuata hao nao wakaigonga. Ikawa hakuna mchezaji wa Canaan Hill anayekanyaga nyasi bila kuipiga kichwa Nguzo ya Nyundo, tena kwa nguvu, kwa sababu mwenzake wa mbele ameipiga kwa nguvu na wasichana wanatazama. Wengine walikuwa wanaingia mchezoni tayari wanaona nyota. Wazazi nao walikuwa wanawabeba watoto wachanga waliovikwa vikofia vya chuo, wakawagusisha vipaji vya uso pale, wakapiga picha.

Asili ya desturi hiyo Vernell alinieleza mwenyewe, tumesimama kwenye uzio siku moja. Helmeti ya Nyundo haikuwa yake. Enzi zile vifaa vyetu vilikuwa makombo ya chuo kikubwa cha wazungu. Wakishavichakaza wao, tunaletewa sisi kwenye masanduku. Iliyomwangukia Cleophus ilitoka kwa mtu mwenye bonge la kichwa, na sponji yake ya ndani ilikuwa imeoza. Vernell, wakati huo mchumba wake, alikata gauni lake la kulalia la flaneli akaijaza. Bado ilicheza. Kwa hiyo kila alipokaribia uwanja aliigonga nguzoni ili itulie kichwani.

"Basi ni hilo tu?" nikamuuliza.

"Ni hilo tu, Otha. Helmeti ilikuwa inapwaya. Wanaume wazima wanaabudu helmeti iliyopwaya."

Nyundo alijaribu kwenda kucheza kwa wanaolipwa, goti likamgomea, akarudi nyumbani bila kinyongo. Wakaoana, wakamlea binti yao, naye akaendesha basi la manjano la shule kwa miaka mingi. Watoto walimpenda kwa sababu alikuwa anaimba nyimbo za kanisani akizikosea maneno makusudi. Halafu akaanza kuyakosea bila makusudi. Siku moja alilipeleka basi zima kwenye kinu cha pamba kilichofungwa tangu ujana wetu, akazima injini, akawaambia watoto washuke wakachambue. Tulicheka sana mjini. Vernell hakucheka.

Alikuwa hajafika hata miaka sitini. Akawa anarusha sahani, yeye ambaye hakuwahi kuinua mkono. Akawa anasimama mlangoni mwa jiko na kumuuliza mkewe kwa adabu kabisa, "Samahani mama, wewe ni nani, na unapika nini nyumbani kwangu?" Naye Vernell alikuwa anajibu kila siku kama ni mara ya kwanza, "Mimi ni Vernell. Napika kambare. Unapenda kambare." Nilikuwa nasikia kutoka upande wangu wa uzio, nikaingia ndani nikafungulia redio. Roho ilikuwa inaniuma.

Asubuhi moja ya mechi nilikuwa nje ya geti la uwanja nawasha makaa ya mbavu zangu, maana siku za mechi nachoma mbavu na sina mpinzani, nikamwona Vernell anakuja mbio na sapatu za ndani miguuni.

"Otha, umemwona Cleophus?"

Kabla sijajibu tukasikia shangwe kutoka ndani. Tukaingia. Wanafunzi walikuwa wamesimama nusu duara, simu juu, wanapiga makofi na kuimba, "Nyun-do! Nyun-do!" Katikati yao alikuwa Cleophus, amevaa pajama, hana helmeti wala kofia, anaigonga ile nguzo kwa kichwa kitupu. Damu ilikuwa imeshafika kwenye nyusi. Wale watoto hawakuwa wabaya, sitawasingizia. Walidhani mzee amekuja kuwabariki. Katika mji wetu mtu akigonga kichwa chake kwenye nguzo ile, akili ya kila mmoja inasema piga makofi.

Vernell hakupiga kelele. Alipenya katikati yao, akaweka kiganja chake kwenye nguzo, pale pale palipokuwa na damu. Kichwa cha mumewe kikaja kwa nguvu na kutua mkononi mwake. Niliona uso wake ukikunjamana kwa maumivu. Kikaja tena. Mkono haukuondoka.

"Basi, Cleo," akamwambia. "Imetulia. Imeshakaa vizuri."

Cleophus akamtazama. "Imetulia?"

"Imetulia, mpenzi. Twende nyumbani."

Akamfuata. Nilirudi kwenye makaa yangu nikasingizia moshi.

Miaka michache baadaye Nyundo akafariki. Vernell aliwaruhusu madaktari waupasue ubongo wake, nao wakamwambia umechakaa kwa mapigo ya kichwani ya miaka mingi. Siku ya mazishi chuo kilileta timu nzima. Vijana walijipanga nje ya kanisa wakiwa na helmeti zao, na gari la maiti lilipoanza kutembea, wakaligonga kwa vichwa mmoja baada ya mwingine, ngo, ngo, ngo, na watu wakalia kwa fahari. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Vernell kwenye gari la wafiwa. Alinigeukia akasema kwa sauti ya darasani, "Kitu hiki kitakoma nikiwa hai."

Alianza kwa njia ya adabu. Alikwenda ofisini kwa Kocha Dupree Lattimore, akanichukua nimsindikize. Dupree alikuwa mwanafunzi wake, mtoto aliyekuwa anakula gundi darasani, na sasa ni jitu lenye filimbi shingoni na vikombe ukutani. Alitukaribisha vizuri, akasimama na mikono yake mfukoni.

"Dupree."

"Ndiyo, Mwalimu." Mikono ikatoka.

"Nataka vijana waache kuigonga nguzo."

Dupree akacheka kidogo, akaona amecheka peke yake. "Mwalimu, ule ndio urithi wa Nyundo. Ndicho alichotuachia."

"Alichoacha nakijua. Nimekifulia mashuka, nimekilisha uji kwa kijiko. Wewe unakijua kwa picha."

"Lakini madaktari hawakusema ni nguzo—"

"Hawakusema, na mimi sisemi. Ni mpira. Aliupenda mpira, na mchezaji akipigwa uwanjani walau anapigania kitu. Nguzo anaigonga kwa faida gani? Niambie faida moja nitoke niende zangu."

Dupree akafikiri kweli, namjua, uso wake haufichi kitu. Mwishowe akasema, "Wahitimu hawatakubali, Mwalimu. Wataninyonga." Na mikono ikarudi mfukoni.

Alikwenda kwa wahitimu wenyewe. Wakamsikiliza, wakamkatia keki, wakamwambia amechoka kwa kuuguza na apumzike. Alisimama kanisani akaieleza habari ya helmeti na gauni la flaneli. Watu wakasema amina, wakatoka nje, na mzee mmoja akaniambia kuwa sasa anaipenda nguzo zaidi, maana imejaa mapenzi ya mchumba. Nilitaka kumpiga na kitabu cha nyimbo.

Halafu ukaja msimu wa kuadhimisha ule ushindi wetu mkubwa. Wahitimu wakaamua kwamba siku ya Jumamosi ya Kurejea, ile siku ambayo kila aliyesoma Canaan Hill anarudi nyumbani na familia yake na majungu yake, nguzo itavishwa shaba nyangavu yenye jina la Nyundo. Tena itafungwa maikrofoni, ili kila kichwa kikigonga, mlio usikike kwenye spika za uwanja mzima. Wakamwomba Vernell awe mgeni wa heshima.

"Umekataa, natumaini," nikamwambia kwenye uzio.

"Nimekubali."

"Vernell!"

"Wameniambia nitasimama karibu na nguzo," akasema. "Hizo pekani zako zimejaa huko, kaziokote."

"Ni za kwako!"

"Zikianguka kwako ni za kwako."

Siku yenyewe ilifika na jua zuri la Oktoba. Bendi ilikuwa inapiga mpaka kifua kinatikisika, na harufu ya kambare na mbavu imetanda hadi barabara kuu. Vernell alivaa kofia yake kubwa ya zambarau ya kanisani na glavu nyeupe. Niliacha mbavu zangu kwa mpwa wangu, ambaye aliziunguza zote, nikasogea mpaka karibu na mlango wa wachezaji. Mwenyekiti wa wahitimu alihutubia kwa muda wa kuivisha maharage. Kitambaa kikavutwa, shaba ikang'aa, watu wakashangilia. Kisha timu ikatokea gizani chini ya jukwaa, viatu vya meno vikigonga sakafu, na mbele yao alikuwa nahodha, Javaris Teague, kijana mwenye shingo nene kuliko paja langu.

Vernell akavua glavu ya mkono wa kulia, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Akapiga hatua mbili, akaweka kiganja chake juu ya shaba, kwenye usawa wa kichwa cha mwanamume.

Javaris akafunga breki. Nyuma yake wenzake wakagongana.

Sasa, ile maikrofoni. Wahitimu walikuwa wameifunga pale pale, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Kila neno lililosemwa kwenye ile nguzo lilisikika uwanja mzima, hadi kwa wauza chai baridi nje ya geti.

"Mwalimu, tafadhali," spika zikasema kwa sauti ya Dupree. "Watu wote hawa wanatazama."

"Mikono, Dupree," spika zikajibu.

Jukwaa zima likaangua kicheko, kwa sababu nusu yake ilikuwa imewahi kuambiwa hivyo hivyo. Halafu kicheko kikafa, maana mwanamke hakuondoka.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Javaris Teague, mama."

"Unalijua jina lako. Vizuri. Huyu aliyeandikwa hapa alisahau la kwake. La kwangu alilisahau kabla ya hapo. Aliigonga nguzo hii kwa sababu helmeti yake ilikuwa mtumba na ilikuwa kubwa. Yako inapwaya?"

"Hapana, mama. Inanitosha."

"Basi kama lazima ugonge, gonga. Sitakuzuia. Ila utagonga mkono wangu."

Mtu kutoka juu akapaza sauti, "Mtoeni huyo bibi!" Mwingine akamwambia afunge bakuli lake. Kijana wa watu alimtazama kocha, na kocha alikuwa anatazama viatu vyake. Akaitazama ile shaba, akautazama mkono, mkono wa mwanamke mzee wenye mishipa iliyotokeza. Niliomba Mungu nikiwa nimefumba macho, kwa hiyo kilichofuata nilikisikia kabla ya kukiona: kifungo cha kidevuni kikifunguka, tak, kwenye spika zote.

Javaris alivua helmeti. Akainama, jitu lote lile, akaweka paji la uso wake polepole kwenye kiganja cha Vernell, akalituliza hapo.

"Imetulia?" Vernell akamuuliza.

Kijana hakujua anaulizwa nini. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na mimi machozi yalikuwa yananichuruzika hadharani bila moshi wowote wa kusingizia.

"Imetulia, mama," akasema.

Wenzake wakafuata, helmeti mikononi, mmoja mmoja, na kila mmoja Vernell alimuuliza jina, naye akalitaja, na uwanja ukalisikia. Mechi ilichelewa kuanza na waamuzi wakanuna.

Ningependa kuwaambia tulishinda. Tulipigwa. Tulipigwa nyumbani, Jumamosi ya Kurejea, na timu ambayo kila mwaka tunaifunga huku tunakula. Kufika jioni mji ulikuwa umeshajua wa kumlaumu. Watu waliokuwa wamelia mchana wakawa wanasema yule mama ameiondolea timu baraka. Jumatatu akakuta mtu amemwachia helmeti kuukuu iliyopasuka mlangoni. Aliigeuza, akaijaza udongo, akapanda maua, akaiweka kibarazani ambapo kila anayekwenda posta lazima aione.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Nimekaa na watoto wa miaka minane maisha yangu yote, Otha. Niogope nini?"

Mechi iliyofuata ya nyumbani hakualikwa na mtu. Alikuja. Kofia ya zambarau, glavu, mkoba, akasimama pale pale. Vijana wakavua helmeti. Iliyofuata akaja na mvua, nikamshikia mwavuli huku nikilaani viatu vyangu vipya. Msimu uliofuata akaja tena, na uliofuata huo. Tulishinda baadhi, tukashindwa baadhi, na lawama ikachoka yenyewe. Wachezaji wakaanza kumletea kiti. Dupree muda wote huo hakusema ndiyo wala hapana. Alisimama kando na mikono yake mfukoni, anaangalia pembeni mpaka wa mwisho apite.

Vuli iliyopita Vernell alianguka kwenye ngazi za nyuma akavunjika nyonga. Sasa ana miaka sabini na ushee, na daktari alimkataza hata kukaa kwenye kiti muda mrefu. Alilala kitandani amekasirika na dunia nzima. Ijumaa, kabla ya mechi, aliniita.

"Nenda ukaone," akasema. "Usinidanganye kwa huruma. Wakigonga, uje uniambie wamegonga."

Nilikwenda nikiwa na wasiwasi, nakiri. Javaris alishahitimu zamani. Waliobaki walikuwa watoto ambao hawakumwona Nyundo hata kwa picha ya rangi, na wahitimu fulani walikuwa wameshanong'ona kwamba sasa mama hayupo, mambo yatarudi yalivyokuwa. Timu ikatokea. Nguzo ilikuwa peke yake. Nahodha mpya akasimama mbele yake, akageuza shingo kumtafuta mwanamke wa kofia ya zambarau, hakumwona. Nyuma kabisa mtu akaanza kuimba, "Gon-ga! Gon-ga!" na wengine wakadakia. Kijana alikuwa na helmeti kichwani, na nikamwona anavuta kichwa nyuma.

Nilirudi nikamkuta Vernell macho wazi, redio imezimwa. Hakutaka kusikia habari hiyo kwa mtangazaji.

"Haya," akasema.

"Hawakugonga."

"Otha, nimekuambia usinidanganye."

"Hawakugonga, Vernell. Walivua wote. Walilaza vichwa kwenye mkono na kutaja majina, mpaka yule anayebeba maji."

"Mkono wa nani?"

"Wa Dupree Lattimore."

Nikatazama dirishani ili nimpe nafasi.

"Na ule mwingine?" akauliza baadaye. "Ulikuwa mfukoni?"

"Nje," nikamwambia. "Alikuwa ameshika kofia yake."

Akafumba macho. "Mtoto yule," akasema, "hajambo sasa."